Mvua Niliyoileta Bombo

Mjomba alistaafu jeshini zamani, ila sauti yake bado iko kazini. Aliponipigia simu kuhusu harusi ya binamu yangu pale Bombo, Uganda, hakuuliza kama nina nafasi. "Kijana, Jumamosi saa nane. Muziki ni wako." Nikajibu, "Ndiyo, mjomba," kisha nikaanza kuhesabu vyombo nilivyonavyo: laptopu ya mtumba yenye ramu ya GB 4, na kinanda cha midi chenye vibonyezo 49.

Kinanda hicho, kwa asiyekijua, hakina sauti hata ya kumwamsha paka. Ukibonyeza, kinatuma ujumbe tu kwenye waya wa USB: noti ipi, imepigwa kwa nguvu kiasi gani kuanzia 1 hadi 127, imeachiwa lini. Sauti yenyewe hutengenezwa na sinthesaiza, na hiyo ndiyo sikuwa nayo. Ama ninunue mashine, ama nipakue programu. Mfuko wangu ukachagua programu kabla sijaulizwa.

Za bure zipo tena nzuri: Vital kwa sauti za kisasa, Surge XT kwa karibu kila kitu, Dexed kwa anayetaka kengele na piano za umeme za Yamaha DX7 ya mwaka 1983. Hazikukatii muda. Mtu mwenye akili zake angechukua Surge XT na Dexed, ambazo haziielemei sana prosesa kuukuu, akaenda kulala. Mimi nikasikia tarumbeta za programu moja ya kulipia, nikapumbazika. Ilikuwa na toleo la demo, yaani la kujaribia bure. Kila nilipoifungua lilitokea dirisha lenye maandishi madogo na kitufe cha "Endelea", nami nikaendelea.

Wiki nzima nikapigana na bafa, ile akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huijaza kabla ya kuipeleka kwenye spika. Niliweka sampuli 128, yaani vipande 128 vidogo vya sauti. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, huko ni kuchelewa milisekunde 3 tu, kidole na sauti ni kitu kimoja. Lakini prosesa haikuwahi kuijaza bafa kabla haijaisha, sauti ikawa inapasuka kama bisi kwenye sufuria. Nikapanda hadi 2048. Bisi zikakoma, ila noti ikawa inafika milisekunde 46 nyuma ya kidole, na hapo programu inayoendesha kadi ya sauti haijaongeza zake. Ukipiga hivyo mbele ya mpiga ngoma, utadhani mmegombana. Nikatulia kwenye 512, karibu milisekunde 12. Kisha nikapunguza idadi ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja kutoka 16 hadi 6, na besi na ngoma nikazigeuza faili za kawaida za sauti ili prosesa ibaki na tarumbeta peke yake. Nilijipongeza kwa roleksi mbili, zile chapati zilizoviringishiwa mayai.

Ila kila nilipobadilisha bafa nilikuwa naifunga programu na kuifungua upya, kisha nazipanga tarumbeta upya, nikidhani ni bafa inayozifuta. Kwa hiyo wiki nzima haikuwahi kukaa wazi hata robo saa. Kumbuka hilo.

Kwa tahadhari nikaazima pia Volca Keys ya rafiki yangu, mashine ndogo ya Korg unayoweza kuibeba kama sahani ya chakula.

Jumamosi nikafunga vyombo chini ya baraza la mabati, jirani na masufuria ya pilau. Nilipochomeka chaja ya laptopu, spika zikaunguruma mmmmm. Chaja ilikuwa kwenye soketi moja na mikisa kwenye nyingine, umeme unazunguka kupitia nyaya za ardhi. Nikahamishia vyote kwenye ekstensheni moja, mlio ukapungua. Nikachomoa chaja kabisa, kimya. Nikajiona fundi.

Tarumbeta zikaanza. Wamama wenye gurbaba, vazi la Kinubi, wakainuka, Mjomba akatikisa kichwa kwa heshima ya kijeshi. Ilikuwa Aprili na wingu lilikuwa limekaa upande wa magharibi, lakini nani aliangalia wingu.

Dakika ya ishirini: SHHHHHHHH.

Sekunde nne hivi, kisha kimya. Wapishi wakafunika masufuria. Nikashuku waya. Nikautikisa, haukukwaruza. Nikaubadilisha hata hivyo, maana mtu akikutazama lazima ufanye kitu.

SHHHHHHHH. Safari hii shangazi akamnyanyua bibi harusi pamoja na kiti chake.

Sasa, kelele ile wataalamu huiita kelele nyeupe: masafa yote kwa pamoja, kwa nguvu sawa, bila mpangilio. Na mvua juu ya bati ni nini, kama si maelfu ya matone yanayogonga bila mpangilio? Ndiyo maana kwenye sinthesaiza, ukitaka mvua, upepo au matoazi, unaanza na kelele nyeupe kisha unaipitisha kwenye kichujio. Yangu haikupita kwenye kichujio chochote. Ilitoka kwenye spika mbili za inchi 15, chini ya mabati.

Ya tatu ilipopiga, Mjomba alisimama. "Wote ndani! Viti kwanza, wazee kwanza!" Watu mia wakaingia nyumba ya vyumba vinne. Jua likawaka juu ya turubai tupu.

Nikatazama saa. Dakika tatu kamili kati ya mvua na mvua. Waya mbovu hauna saa. Demo inayo. Nikayasoma yale maandishi madogo, nikiwa nimechelewa kwa wiki moja. Dawa ilikuwa kuifunga na kuifungua ili nipate dakika nyingine ishirini. Nikafanya hivyo, na ndipo nikajua kwamba demo pia haihifadhi. Tarumbeta zangu zilizonikosesha usingizi zikarudi zikiwa mlio mmoja mbichi, kama mbu aliyeshika kipaza sauti.

Nikazima laptopu. Kwa kuizima nikakiua na kinanda, maana waya wa USB hauingii kwenye tundu la midi la Volca, lile la duara lenye matundu matano. Lazima pawe na kompyuta au kifaa cha kuunganisha katikati. Ikabidi nipige kwenye vibonyezo vyake 27 vya kugusa, vyembamba kama njiti, kwa vidole vyenye mafuta ya pilau. Volca Keys ina sauti tatu tu, hivyo kila nilipopiga noti nne kwa pamoja, familia ilipoteza mmoja. Angalau betri zake sita zilikuwa mpya.

Watu wakarudi mmoja mmoja. Watoto walikuwa wameshatangaza: "Si mvua, ni yule wa kompyuta!" Wakacheka, wakakaa, pilau ikagawiwa. Nikavaa hedifoni, nikainamia vibonyezo vyangu.

Sikusikia chochote. Niliona tu wali unaogelea kwenye sahani, na hakuna mtu aliyenyanyuka. Mtu akanigusa bega. Nikavua hedifoni. Mjomba alikuwa amesimama wima, kofia imelowa, maji yanamtiririka hadi kwenye ndevu.

"Kijana," akasema, "zima hiyo kitu."