Karamu ya Krismasi ya kazini: mimi siendi tena

Ujumbe huingia kila mwaka wiki ya kwanza ya Disemba, kwenye kundi letu la kazini la WhatsApp, na maneno yake hayabadiliki: karamu ya Krismasi na kufunga mwaka, saa mbili usiku, kila mtu na mchango wake, "na kuhudhuria ni muhimu." Chini yake zinafuatana alama za makofi na mioyo. Nimefanya kazi za hoteli Unguja miaka kumi na moja sasa, kaskazini na kusini, idara ya vyumba na mapokezi, na makofi hayo nimeyapiga mara nyingi. Mwaka jana sikuyapiga, wala sikwenda. Nataka nieleze kwa nini, maana najua wako wengi wanaoona ninavyoona mimi na hawasemi, kwa kuogopa kuambiwa hawana shukrani.

Nianze na hilo neno "muhimu". Ukialikwa harusini Jang'ombe ukashindwa kwenda, unapeleka udhuru wako, unatuma tunza, yamekwisha. Karamu ya kazini haina udhuru wa namna hiyo, kwa sababu anayekualika ndiye anayepanga zamu zako na ndiye atakayeamua kama mkataba wako unaendelea. Mwaka wangu wa tatu niliomba nisiende, mtoto wangu alikuwa na homa. Hakuna aliyenikatalia. Lakini siku ya pili yake mkuu wangu wa idara aliniuliza mbele ya wenzangu, "Kwani wewe dada hututaki?" Nilikuwa kwenye mkataba wa miezi sita. Mwaka uliofuata mtoto aliumwa tena, nikamwacha kwa mama nikaenda kukaa kwenye karamu hadi saa sita usiku, naangalia simu chini ya meza. Kwa hesabu yangu ile ilikuwa zamu kama zamu nyengine, ila haikuandikwa popote na haikulipwa.

Na inaangukia mwezi gani? Disemba huku pwani ndio msimu umewaka. Wageni wanaikimbia baridi ya kwao, ndege zinashuka moja baada ya moja, vyumba vinajaa hadi mwaka mpya, likizo za wafanyakazi zimesimamishwa. Mtu aliyetandika vyumba kumi na vinne tangu asubuhi, mgongo umekufa, anaambiwa saa mbili usiku awepo ukumbini amependeza. Anayekaa Nungwi kijijini anakwenda kwao kuoga na kurudi. Anayekaa Fuoni au Mwera hawezi. Gari ya abiria ya 116, kutoka Nungwi hadi mjini, ni safari ya zaidi ya saa nzima, na akishafika kwake jioni hana gari ya kumrudisha. Kwa hiyo anamaliza zamu saa kumi na anasubiri. Nimewaona kwa macho yangu wanawake wamejilaza juu ya marobota ya mashuka machafu kwenye chumba cha kufulia, masaa manne, wakingojea sherehe waliyoambiwa imeandaliwa kwa ajili yao.

Kisha kuna kurudi. Siku za kawaida basi la wafanyakazi linaondoka saa nne usiku. Siku ya karamu linasubiri hotuba, linasubiri bahati nasibu, linasubiri muziki, linaondoka saa sita imeshapita. Linashusha watu barabara kuu tu. Kutoka hapo ni bodaboda, au miguu. Mwenzangu mmoja wa jikoni simu yake ilizima chaji usiku ule. Mumewe alikaa barazani mpaka saa nane, na mama mkwe naye macho. Si mtu mbaya yule bwana, alikuwa na hofu, na hofu ikageuka maneno, na maneno yakafika kwa wazee wa pande mbili. Ilichukua wiki tatu kulimaliza. Kazini hakuna aliyejua chochote. Walichokumbuka ni kwamba chakula kilikuwa kizuri.

Hapa ndipo ninapowaomba waajiri wanaotoka nje wanisikilize vizuri. Mtaani kwetu mwanamke anayeshushwa na bodaboda saa saba usiku anahesabiwa. Unaweza kusema ni ushamba, ni mambo ya zamani. Ila yeye ndiye anayekaa mtaa huo, binti zake wanasoma madrasa ya mtaa huo, na huyo aliyemlazimisha kukaa mpaka usiku wa manane hatakuwepo kesho yake kumsemea.

Pombe nitaisema bila kuzunguka. Sidai wenzetu wasinywe. Hoteli inauza pombe kila siku, mimi mwenyewe nimewapokea wageni na glasi mkononi, na mwenzangu asiye Muislamu ana haki ya kustarehe anavyotaka. Ninayoilalamikia ni ile hali ya mkubwa aliyelewa kuwa pahala pamoja na wadogo wasioweza kuondoka.

Mwaka mmoja tulikuwa na wasichana watatu wa chuo, wamekuja kwa mafunzo ya vitendo, umri wao miaka kumi na tisa, ishirini. Mkubwa mmoja, glasi zimeshamzidi, akamshika mmoja wao mkono na kumvuta katikati acheze naye. Yule mtoto alitabasamu. Watu wakalichukua tabasamu lile kuwa ni ridhaa, vigelegele vikapigwa. Mimi nilikaa meza ya nyuma yake. Niliuona mkono wake wa pili umeng'ang'ania mgongo wa kiti mpaka vidole vimebadilika rangi. Sikusimama. Nilijiambia wimbo utakwisha. Wimbo ulikwisha ukaanza mwengine.

Asubuhi yule bwana alipita mapokezi anasalimia kama siku zote, na sote tukamwitikia. Msichana hakumaliza mafunzo yake kwetu. Alisema amepata nafasi karibu na kwao. Nilipomwambia afisa wa utumishi nilichokiona, nilijibiwa kuwa ile ilikuwa sherehe, tusiyachukue mambo ya sherehe tukayaleta kazini. Jawabu hilo nimelibeba miaka mingi. Siku ya kulazimishwa kwenda, karamu ni kazi. Siku mtu anapodhalilishwa ndani yake, karamu si kazi tena.

Kuna na picha. Kofia nyekundu zinagawiwa mlangoni, kila mtu avae, wenye mitandio wavae juu ya mitandio, halafu apite mpiga picha. Kesho yake picha ziko kwenye ukurasa wa hoteli. Kijana mmoja wa bustanini, mtu wa Micheweni, alipigwa picha amekaa meza ambayo chupa ya mvinyo ilikuwa mbele yake. Haikuwa yake; kijana yule hata soda hanywi. Picha ikafika Pemba kabla ya yeye kwenda likizo. Mama yake alimpigia simu akilia. Aliomba picha itolewe, akaambiwa itaangaliwa, ikatolewa Januari.

Mchango nitaupitia haraka kwa kuwa kila mtu anaujua. Shilingi elfu ishirini kwa meneja si kitu. Kwa anayefua mashuka, mwishoni mwa Disemba, na skuli zinafunguliwa Januari na mtoto anataka sare, mabuku na viatu, ni kitu. Juu yake kuna zawadi ya kubadilishana, unachomoa karatasi yenye jina la mwenzako, na bei ya chini imeshapangwa. Nimemuona mtu akikopa ili amnunulie kikombe mtu ambaye hawajawahi kusalimiana.

Sasa niseme lililonifanya nibadilike hasa, na ambalo Waislamu wenzangu hatulisemi sana. Karamu hii inawaonea Wakristo pia, na pengine wao zaidi. Krismasi si jambo lililoletwa Zanzibar na hoteli. Hoteli za ufukweni zimeanza kuwa nyingi miaka ya tisini. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa wakati wa Askofu Edward Steere pale lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, lina zaidi ya karne moja, na Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki, vivyo hivyo. Wako Wazanzibari waliozaliwa na kuzikwa wakisherehekea siku hii, na wako wenzetu wa bara waliokuja kutafuta riziki. Siku yao ni tarehe 25, na usiku wao ni mkesha wake. Na usiku huo huo ndio hoteli ina chakula kikubwa cha wageni, kila mtu kazini. Mwenzangu wa mapokezi, mzaliwa wa Songea, mwaka juzi saa nne usiku tarehe 24 nilimkuta nyuma ya ofisi amesimama gizani, simu sikioni. Nilidhani ana msiba. Alikuwa anasikiliza misa ya kwao. Mdogo wake ameshika simu kanisani ili naye asikie nyimbo. Alisikiliza dakika tano, akafuta uso, akarudi kuwapokea wageni.

Siku nne kabla ya hapo tulikuwa tumemfanyia "karamu ya Krismasi". Muziki, kofia, bahati nasibu. Hakuna aliyemuuliza yeye, ambaye sikukuu ni yake, anataka nini. Angetaka masaa matatu tu ya kwenda kanisani.

Tunapewa hoja kuwa karamu inajenga umoja. Mimi naamini katika umoja wa kazini, na nimeuona. Alipofariki mama wa mwenzetu mmoja kule Makunduchi, watu walijipanga wenyewe. Aliyekuwa ofu aliingia zamu ya mwenzake, dereva aliomba basi, jikoni wakatoa mchele wao. Tulikwenda Waislamu na Wakristo, wanawake tukakaa ndani na wafiwa, wanaume wakaenda makaburini. Hakuna aliyeandika kwamba kuhudhuria ni muhimu. Watu waliokuwa hawasemezani tangu msimu uliopita walirudi wamekaa kiti kimoja. Hata pale kantini, sahani ya wali na maharage saa saba mchana, watu wanaambiana shida zao na kusaidiana. Ukumbini usiku ule kila idara inakaa peke yake, wakubwa mbele, na wa mwisho kuingia, ambao ni walinzi na wa jikoni, wanakuta wali umekauka.

Na hotuba. Kila mwaka mkubwa anasimama anasema sisi ni familia moja. Nimeisikia kutoka kwa wakubwa wa mataifa tofauti, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mimi neno familia nalichukulia kwa uzito, sikulelewa kulitumia ovyo. Ikifika Aprili, masika yameshika, wageni wamepungua, sehemu ya hoteli inafungwa, na watu wale wale waliopigiwa makofi Disemba wanaitwa mmoja mmoja ofisini: pumzikeni, tutakuiteni Juni. Wengine hawaitwi. Miaka yote nimesubiri hotuba ya Disemba itakayotaja Aprili, itakayosema mikataba ya nani itaendelea. Mtu akiambiwa hilo mapema, hata bila sahani ya pilau, atalala usingizi.

Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005. Masaa ya kazi, mapumziko, likizo, sikukuu za kitaifa, yote yanazungumzwa humo. Fedha na nguvu zinazokwenda kwenye usiku mmoja wa muziki zianze huko kwanza. Na kama baada ya hapo bado hoteli inataka kufurahi na watu wake, ifanye mchana, baada ya msimu kupoa, bila mchango, anayetaka aje na wanawe na asiyetaka asiulizwe. Tulipata hivyo mara moja, mwezi wa pili, chini ya minazi, watoto wanacheza mpira, watu wakaondoka alasiri na jua lao. Nilikwenda kwa hiari yangu na nilifurahi.

Wapangaji wa sherehe wajue na hili: Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 1999 Krismasi iliangukia ndani yake, na Mungu akituweka, mwaka 2031 itaangukia tena. Itakuwa saa mbili usiku, watu wanataka kwenda tarawehe, na ujumbe unasema kuhudhuria ni muhimu.

Mimi wiki iliyopita nimepeleka karatasi ofisini. Nimeomba nishike zamu ya mkesha ya mwenzangu wa Songea, tarehe 24 kuanzia saa nane mchana mpaka watakapoondoka wageni wa mwisho, na yeye ashuke mjini na gari ya mchana, awahi Minara Miwili. Mkuu wa idara ameipokea, bado hajanijibu. Mchango wa karamu sijautoa.