Nyumba Yangu Mwenyewe, Tapeli Mimi Mwenyewe

Jamani, kabla hamjaendelea kunitumia zile picha, tuelewane: sijakamatwa. Hakuna polisi aliyekuja. Nyumba ni yangu, hati ina jina langu, na kodi ya majengo nakatwa kwenye LUKU kama nyinyi wote. Huyo jamaa wa kijiwe cha bodaboda aliyeweka status ya "mwamba adakwa Tabata akiuza nyumba ya watu" namfahamu, pikipiki yake naifahamu, na hiyo helmeti anayovaa ni ya kwangu, aliazima.

Sasa ngoja niwape yenyewe. Kucheka mtacheka tu, lakini mcheke kilichotokea.

Mnaokuja kwetu mnaujua ule ukuta wa mbele, unaotazamana na duka la Mangi. Kuna mpangaji wetu wa zamani aliwahi kuchukua pesa ya mtu akijidai nyumba ni yake. Yule mtu akatufikia alfajiri na lori la vyombo, mke na watoto, sisi tuko uani tunapiga mswaki. Siku hiyo hiyo Mama Junior akamleta fundi wa kuandika mabango na kopo la rangi nyekundu ya mafuta, akamwambia andika hata asiyeona aone. Fundi akashusha mistari mitatu, kila herufi kubwa kuliko kichwa cha mtu:

NYUMBA HII HAIUZWI
OGOPA MATAPERI

Mstari wa tatu, chini kabisa, namba ya simu ya Mama Junior. Na ndiyo, MATAPERI, kwa R. Tulimlipa hivyo hivyo.

Tangu hapo ile namba haikupumzika. Wanapiga wanaotafuta chumba, wanapiga madalali wa kujaribu bahati, wanapiga hata wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mama Junior akiona namba ngeni hasemi haloo. Anafungua mdomo na maneno yanatoka yenyewe, hata kama anakatakata vitunguu. Hilo likumbukeni.

Basi mwaka huu tukakubaliana tuuze. Tuna kiwanja Kibaha, yeye anataka kufuga kuku wa mayai, mimi nataka kulala bila muziki wa baa. Dalali akaja, akazunguka, akasema, "Kaka, nyumba nzuri, ila muiandae. Mteja ananunua kwa macho."

Tukaiandaa. Friji bovu ambalo kwa miaka limekuwa kabati letu la viatu likapelekwa kwa dada yake Mama Junior, na shemeji mdogo anayelala sebuleni tangu amalize chuo akaambiwa apande gari moja na friji. Mlango wa choo, ule ambao wageni wote huelekezwa wapige teke kidogo chini ndipo ufunguke, ukarandwa. Simtank likasuguliwa. Dagaa wakapigwa marufuku ndani ya nyumba, udi ukachomwa mpaka jirani akauliza kuna harusi ya nani. Mama Junior akatoa vile vitambaa vya makochi vya zawadi ya harusi, ambavyo mimi mwenye ndoa nilikuwa sijawahi kuvikalia.

Halafu nikawaandaa watu. Hapa ndipo nilipojiona nina akili kupita kiasi.

Maana mteja wa kwanza tulimpotezea kwa Mangi. Alivuka kununua maji ya kunywa, akauliza tu "hapa pakoje?", na Mangi kwa roho yake nyeupe akamhadithia jinsi masika barabara inavyokuwa mto na baa ya nyuma inavyofunga jogoo akiwika. Yule bwana hakusubiri hata chenji. Kwa hiyo safari hii nikapita nyumba kwa nyumba kama wakala wa sensa. Mangi, mama ntilie, vijana wote wa bodaboda: akija mgeni akawauliza lolote, lolote lile, jibu ni moja, "sijui". Vijana nikawanunulia soda. Junior, ambaye ana miaka saba na hajawahi kutunza siri tangu azaliwe, nikamfanyisha mazoezi.

"Mgeni akikuuliza kitu?"
"Sijui."
"Kitu chochote?"
"Sijui."
"Ukifanya vizuri nini?"
"Chipsi kuku!"

Ukabaki ukuta. Huwezi kuuza nyumba iliyoandikwa haiuzwi, hilo hata mimi nalijua. Fundi rangi akaniambia ile ni rangi ya mafuta, inataka ipigwe msasa, ipigwe praima, ndipo ipakwe rangi nyingine juu, akataja bei. Nikamwambia asante, nitakutafuta. Nikanunua mfuko wa chokaa. Nikachanganya na chumvi kama babu zetu, nikapaka usiku mkono wa kwanza, nikapaka wa pili, asubuhi ukuta mweupe pe. Yule fundi akapita na baiskeli, akausogelea, akaugusa kwa kidole, akakitazama kidole, akanitazama mimi. Akapanda baiskeli yake akaenda. Nikajua ana wivu.

Haya. Mteja akaja Jumamosi mchana. Mama mtu mzima, nesi mstaafu, gauni la kitenge, mkoba kwapani, na dalali ananikonyeza kwamba kwenye huo mkoba kuna kiinua mgongo kizima kinataka pa kulala. Mama huyu alijua kukagua. Alifungua bomba akaacha maji yatoke kabisa, akavuta maji ya choo, akagonga jipsamu kwa kifundo cha kidole kama anampima mgonjwa. Akauliza choo kinanyonywa kila baada ya muda gani. Lakini alikuwa anapenda, unaona kabisa anapenda, alishaanza kusema "kabati langu litakaa hapa". Mama Junior akarudi jikoni kutengeneza chai. Dalali akaninong'oneza, "Huyu ameshaingia."

Tukiwa tunatoka, mama akasema, "Wanangu, nyumba huonekana kwa mbali. Hebu tuvuke ng'ambo niitazame."

Tukavuka. Tukapanda kibaraza cha Mangi, mama akapewa kreti la kukalia, uso kwa uso na ukuta wangu. Na hapo hapo mvua ya vuli ikashuka.

Haikuwa mvua ya kunyesha chini, ilikuja na upepo, imelala, inapiga ukuta wa mbele tu kana kwamba imetumwa. Nikamwambia mama, "Baraka hiyo." Akasema, "Kweli, mwanangu."

Sasa sikilizeni. Bati letu limetokeza kidogo pale juu, kwa hiyo juu kukawa kukavu na chini ndiko kulikoanza kulowa. Kwanza niliona maji meupe yanaingia mtaroni. Nikajiambia ni vumbi. Kisha chokaa ikaanza kushuka taratibu, vipande vizima, kama utandu wa uji unavyoteleza kwenye sufuria. Na chini yake, wekundu. Sifuri. Kisha saba.

Mama akakunja macho. "Ile namba ya nini pale ukutani?"

Nikasema, "Ya mita." Sijui mita gani ina tarakimu kumi. Ndiyo iliyokuja mdomoni.

Namba ikamalizika yote, inang'aa, ile rangi ya mafuta haijachuja hata nukta. Maji yakapanda kwenye mstari wa pili, yakaanzia kushoto. O. Nikameza mate. G. O. Dalali, mtu wa fani, aliona kinachokuja kabla yangu. Ilipokamilika OGOPA akawahi, "Mama, hii familia ya wacha Mungu sana. Wameandika Ogopa Mungu." Mama akaitikia, "Ni jambo jema." Na kweli, kwa sekunde kadhaa tulikaa watu watatu tunatazama ukuta ambao umeandikwa OGOPA peke yake. Nami nikaanza kuamini. Nikawa naomba chokaa iliyobaki ishikilie, nitakuwa mcha Mungu kweli, Jumapili nitaenda.

Ikatoka M.

"M ya Mungu hiyo," dalali akasema, ila sauti imepungua.

A.

Jamani, mnajua A ilivyo ndefu? Ilitoka mguu mmoja, ikatulia, ukatoka wa pili. Mama akasema polepole, kama anamsomea mtoto, "Ogopa... ma... ta... pe... ri." Akanyamaza. Akauliza, "Mataperi ndiyo nini?" Hapo, wallahi, kulikuwa na mwanya mdogo wa kutokea. Ningesema ni ukoo wetu. Lakini upepo ukageuka, ukapiga juu, na mstari wa kwanza ukaanguka wote kwa mpigo, NYUMBA HII HAIUZWI, na bonge la chokaa likadondoka mtaroni, pwaa.

Nikageuka kumtazama dalali. Hayupo. Nilichoona ni mgongo wake juu ya bodaboda, hana mwavuli, hana aibu, anapotelea kwenye mvua. Hajapokea simu yangu mpaka leo.

Mama hakupiga kelele. Nesi miaka yote hiyo, kaona mengi. Akafungua mkoba, akatoa simu, akavaa miwani, akaanza kubonyeza ile namba ya ukutani, moja moja, anainua uso anasoma, anainamisha. Akaweka spika.

Nilijaribu kumwita Mama Junior. Niliita kwa nguvu zote. Mvua juu ya bati, mnaijua, husikii hata mawazo yako.

Simu ikapokelewa. Vitunguu vinasikika kabisa, taka taka taka.

"Wewe! Nyumba hii haiuzwi! Na huyo aliyekuleta ni tapeli! Mtazame vizuri sura usimsahau, halafu mpigie kelele za mwizi!" Akakata.

Mama akashusha miwani. Akanitazama vizuri sura.

"Mama," nikasema, "huyo ni mke wangu."

"Ndiye amekuita tapeli?"

"Ndiye."

Akamgeukia Mangi. "Mwanangu, huyu unamfahamu? Ni mwenyeji hapa?"

Mangi ameshika daftari la madeni, kidole kiko kwenye ukurasa wangu, jina langu limeandikwa juu kwa kalamu mbili. Akanitazama kwa macho ya mtu anayetimiza ahadi. "Sijui, mama."

Akawauliza vijana wa bodaboda waliojibanza pale. "Hatujui, bimkubwa," kwa pamoja, kama kwaya. Mmoja, huyo huyo wa helmeti, akaongezea, "Tunamuonaga tu anapitapita."

Wewe unayecheka hapo, subiri, bado.

Kwenye mvua akatokea Junior anakimbia na mwavuli, kamletea baba yake, mtoto mwema. Nikapumua. Nikasema, mama, muulize huyu. Mama akainama, akamshika bega. "Mjukuu wangu, huyu ni baba yako?"

Junior akanitazama. Niliona kabisa chipsi zinapita machoni mwake. Akasimama wima.

"Sijui."

Na akatabasamu, anasubiri nimsifie.

Yaliyofuata ni marefu, nayakatisha. Mtu wa mama ntilie akapiga kelele kwa mzaha, watu wawili wasionijua wakaja na fimbo bila mzaha, vijana wa bodaboda wakavunjika mbavu kwanza ndipo wakawazuia. Mama Junior akatoka na sinia la chai, akauona ukuta, akaniona mimi, akaelewa yote bila kuuliza. Mjumbe akaitwa, hati ikaletwa, cheti cha ndoa kikaletwa, mpaka picha ya harusi ikaletwa ikabidi nisimame pembeni yake walinganishe. Wakasema nimenenepa.

Bimkubwa mwenyewe aliishia kunywa ile chai. Wakapatana na Mama Junior kuliko anavyopatana na mimi. Akatuambia hata ukuta ungenyamaza, asingetoa shilingi kabla hajamsikia mke kwa mdomo wake, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, na yeye ana dada yake aliyewahi kununua nyumba akanunua na kesi. Mke mwenyewe, alichomsikia akisema kwa mdomo wake, kimeshasikika kijiwe kizima. Akasema atafanya upekuzi wa hati kwa Msajili kwanza. Halafu akatazama barabara, ambayo wakati huo ilikuwa imeshakuwa mto, akamuuliza Mangi, "Hapa hujaa hivi kila mvua?"

Mangi akasema, "Sijui, mama." Hapo na mimi nilicheka.

Atarudi, amesema. Hajasema lini. Chipsi kuku nimelipa, maana mkataba ni mkataba. Fundi rangi nimempigia, bei imepanda, na amenitaka nimwambie kwanza kwamba chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, nimwambie kwa sauti, ndipo aje na msasa. Mpaka Jumatatu ukuta utabaki unasomeka vile vile.

Kwa hiyo nyumba bado ipo: vyumba vitatu, choo kinafunguka bila teke. Mwenye nia ya kweli anifuate inbox. Msipige namba ya ukutani.