Mart'nália kamwimba Vinicius. Malenga wetu waimbwe na nani?

Dereva wa teksi hapa Rio de Janeiro akisikia wimbo redioni hukutajia mtunzi wake hata kama hukumuuliza. Mwimbaji atamtaja baadaye, mkikwama kwenye taa. Kwetu Mombasa ni kinyume: sauti ndiyo yenye jina, na yule aliyeketi akayapanga maneno mpaka vina na mizani vikakaa, huyo wanamjua wenyewe. Yako mengi ya ughaibuni ambayo singependa tuyaige, lakini hili ningelifunga mzigoni nikarudi nalo.

Kilichonichokoza ni albamu moja. Mwaka 2019 mwimbaji wa samba Mart'nália alitoa albamu nzima ya nyimbo za mshairi Vinicius de Moraes, wala hakuhangaika kuitafutia jina la mapambo. Jalada linasema tu kwamba Mart'nália anamwimba Vinicius de Moraes. Mwaka huohuo ikapata tuzo ya Latin Grammy ya albamu bora ya samba. Huyo Vinicius amefariki tangu Julai 1980, na hata alipokuwa hai hakuwa na sauti ya kutajika. Aliimba kama mtu anayesoma barua, ameketi jukwaani na glasi ya wiski mezani. Jina lake bado linauza, na hakuna anayeona ajabu.

Si desturi ya jana, pia. Mwaka 1958 mwimbaji Elizeth Cardoso alirekodi albamu ya Canção do Amor Demais, nyimbo zote zikiwa za Vinicius na mwanamuziki Tom Jobim, kwa kampuni iliyozoea kutoa santuri za washairi wakisoma mashairi yao wenyewe. Katika wimbo wa Chega de Saudade gitaa lilipigwa na kijana aitwaye João Gilberto, na wengi huanzia hapo wanaposimulia habari za bossa nova, ule mtindo wa samba ya taratibu. Yaani muziki uliokuja kuizunguka dunia ulitokea mlango wa nyuma wa duka la mashairi.

Na mshairi mwenyewe alikuwa mtu wa ofisi. Alizaliwa Rio mwaka 1913, akaandika vitabu, mwaka 1943 akaingia wizara ya mambo ya nje, akatumwa Los Angeles na baadaye Paris. Katikati ya mihuri na makaratasi hayo alitunga tamthilia iliyomtoa Orfeo, mwanamuziki wa hadithi za kale, kwa Wagiriki ikamweka kwenye kilima cha maskini wa Rio wakati wa kanivali. Mwaka 1956 waigizaji weusi wakapanda nayo jukwaa la Theatro Municipal, ukumbi wa wakubwa. Mwaka 1966, yeye na mpiga gitaa Baden Powell wakatoa Os Afro-Sambas, nyimbo zilizojaa miungu ya Kiyoruba inayoabudiwa jimbo la Bahia. Mwaka 1969 serikali ya kijeshi ikamwachisha kazi. (Ni mwaka uleule ambao huku kwetu Abdilatif Abdalla alifungwa kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi? Wenye bunduki hawakosi kumsoma mshairi.) Vinicius alikuja kupandishwa cheo cha balozi mwaka 2010, akiwa kaburini miaka thelathini. Mshahara hakuula.

Mart'nália hakutoka upande huo wa wakubwa. Ni mwanamke mweusi, binti wa Martinho da Vila, na chimbuko lao ni Vila Isabel, kaskazini mwa Rio, mbali na fukwe za kadi za posta. Mimi naishi jirani, Tijuca, na nikitoka kwa miguu hufika kwenye barabara yao kuu, Boulevard 28 de Setembro, ambako vijiwe vyeusi na vyeupe vya njia ya wapita kwa miguu vimepangwa kuwa noti za muziki. Unakanyaga wimbo huku umebeba mfuko wa maharage. Mwaka 1988, Brazil ilipotimiza miaka mia tangu kufuta utumwa, chama cha samba cha mtaa huo kilishinda kanivali kwa onyesho lililoitwa Kizomba, wazo la huyohuyo Martinho.

Nyimbo za Vinicius zilikuwa zimehamishiwa Ipanema, mtaa wa ufukweni wa wenye pesa, kitambo, mpaka mtaa mmoja wa huko ukapewa jina lake. Zikapigwa kwenye hoteli na kwenye lifti, laini, zimepigwa pasi. Mart'nália ana sauti yenye mikwaruzo, na anaimba kama anayemsemesha mtu aliye karibu naye. Ngoma inasikika. Kwa masikio yangu nyimbo za huzuni kubwa zinampita kwa wepesi mno, anacheka pale ambapo ningependa anyamaze kidogo. Lakini zile za kutembea na kutaniana amezirudisha mtaani, na sidhani mwanamume wa Ipanema angeweza.

Sasa twende kwetu. Kila mtu wa pwani aliyefika umri wangu amehudhuria harusi iliyoimbwa na Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, au angalau amelala usiku mmoja huku kanda yake ikipigwa nyumba ya tatu. Bwana huyo alifariki mwaka 2014 na Mombasa nzima ilijua. Lahani zake nyingi zilitoka kwenye filamu za Kihindi, jambo ambalo hakuna aliyelificha. Basi uswahili wa nyimbo zile ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye maneno. Na maneno mengi alitungiwa na nduguye, Ahmad Nassir Juma Bhalo, Malenga wa Mvita mwenyewe, ambaye diwani yake ya 1971 tulisomeshwa shuleni kwa kiboko. Mwalimu darasani alimsifu Ahmad Nassir asubuhi, usiku tukaenda harusini tukamsikiliza Ahmad Nassir, na hakuna aliyetuambia kwamba ni yule yule. Ukichanganya na kwamba wote wawili ni Bhalo, na wote wawili watu waliwaita Ustadh, hata leo nakutana na Wamombasa wazima Ulaya na Ghuba wanaodhani ni mtu mmoja.

Najua jibu nitakalopewa, kwa kuwa nimeshapewa na shangazi yangu kwa simu. Nyimbo zile zilikuwa mafumbo. Mtu alikwenda kwa malenga na siri yake, mke aliyemwacha au rafiki aliyemgeuka, akatungiwa, ukaimbwa mbele za watu na mhusika akajijua peke yake. Ukimtaja mtunzi, utaulizwa ametungiwa nani. Ukijua ametungiwa nani, umeshajua kila kitu. "Wewe wataka watu wapigane," akasema. Hoja hii naiheshimu, na kwa harusi ya mwaka 1975 ilikuwa na nguvu. Lakini waliogombana wakati huo sasa wana vitukuu. Siri imekwisha, shairi limebaki, na jina la mtunzi limeondoka na ile siri. Hapo tumepata hasara mara mbili.

Tena Brazil isije ikapambwa kuliko ilivyo. Jina la Vinicius halikupotea kwa sababu Vinicius alikuwa na kalamu, cheo na marafiki magazetini. Watunzi wa vilimani enzi hizo waliuza nyimbo zao kwa waimbaji maarufu, na jina likaenda na mali. Cartola wa kilima cha Mangueira, ambaye mimi namweka juu ya Vinicius na mtanisamehe, aliuza hivyo akiwa kijana. Miaka ya hamsini mwandishi mmoja wa magazeti alimkuta anaosha magari Ipanema. Albamu yake ya kwanza aliipata mwaka 1974, ana umri wa miaka 65. Kwa hiyo ukiniambia Wabrazili wanawaheshimu watunzi, nitakuuliza watunzi gani.

Na kuna lile neno la Vinicius, katika Samba da Bênção, kwamba yeye ndiye mweupe aliye mweusi kuliko weupe wote wa Brazil. Watu hapa hulirudia kwa mapenzi. Mimi hulisikia nikiwa na ngozi yangu hii, na lafudhi ambayo watu hawaijui, na hukumbuka Januari 2022. Kijana mkimbizi kutoka Kongo alipigwa mpaka akafa kwenye kibanda cha ufukweni Barra da Tijuca. Familia yake ilisema alikwenda kudai ujira wake. Ufukwe huo uko kwenye pwani ileile ya Rio inayouzwa kwa watalii kwa nyimbo za Vinicius. Wiki ile nilikuwa namsikiliza Mart'nália ndani ya basi, nikaizima simu. Baadaye nikarudi kumsikiliza, na nadhani nilirudi kwa sababu ni yeye. Hahitaji kujitangaza kuwa mweusi kuliko nani. Anaimba tu, na wimbo wa yule balozi unakuwa na mtu wa kuubeba ambaye mji huu ungeweza kumtendea vivyo hivyo.

Mombasa sijawahi kuogopa kudai pesa yangu. Nimedai, sikulipwa, tukatukanana, tukanywa kahawa. Hilo Rio haina. Nalo si dogo, na wanaoniuliza kwa nini kila mara nazungumzia kurudi waanzie hapo.

Lakini nikirudi nataka nikute albamu. Mwimbaji mmoja, mtunzi mmoja, nyimbo kumi au kumi na mbili, na jalada limeandikwa: fulani anamwimba Ahmad Nassir. Herufi za majina yote mawili zilingane ukubwa. Ndani kuwe na mashairi yenyewe yamechapwa, na mwaka yalipotungwa kwa yale ambayo wazee bado wanakumbuka, na ruhusa ya familia imeandikwa, na pesa ya familia imelipwa kabla ya studio kulipwa. Tungo zisipigwe kwa kinanda cha umeme kilichojaa kila harusi siku hizi. Waitwe wapiga udi na fidla wanaojua kusubiri ubeti umalizike. Dar es Salaam wana Mtaa wa Shaaban Robert, hongera zao, lakini mtaa hauimbiki.

Mwimbaji ninaye kichwani. Simtaji hapa, kwani akijua kabla sijamfuata mwenyewe atapandisha bei.