Ughaibuni Wananisikiliza, Nairobi Wananipinga

Wanafunzi wa falsafa kutoka Nairobi huniandikia mara kwa mara wakiniuliza kama watafute ufadhili wa masomo Ulaya, na jibu langu halijabadilika: watafute, na wakipata waende. Ninafundisha falsafa katika chuo kikuu kimoja nchini Ujerumani, na kabla ya hapo nilikuwa mhadhiri wa muda Nairobi, kwa hiyo sidanganywi kirahisi na sifa za upande wowote. Hata hivyo kuna jambo ambalo waliotutangulia hawakutuambia, nami naona si haki kulinyamazia. Mwanafalsafa hujengwa na watu wanaompinga, na huku niliko, pamoja na maktaba zake zote, kupingwa ndiko ninakokukosa kuliko kitu kingine chochote.

Nianze na fedha, maana bila fedha mengine yote ni porojo. Mhadhiri wa muda Nairobi hulipwa kwa kozi, na malipo yenyewe husubiri matokeo ya mitihani yawasilishwe, kisha husubiri tena bila mtu kueleza yanasubiri nini. Chuo kimoja kilinilipa fedha za kozi ya maadili wakati wanafunzi niliowafundisha walikuwa wamekwisha kufuzu, tena baada ya kuzungushwa na barua ya madai kutoka ofisi ya mkuu wa idara hadi ya fedha na kurudishwa nilikotoka. Walioajiriwa kwa kudumu nao hawana nafuu kubwa, kwani mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma kwa wiki saba wakidai shilingi bilioni 7.9 zilizobaki katika makubaliano ya mishahara ya kipindi cha 2017 hadi 2021. Mtu anayedai mshahara wa miaka hiyo huku akisahihisha mamia ya vijitabu vya mitihani hana nafasi ya kuandika makala, na anayemlaumu kwa kutoandika hajui anachokisema.

Wengi nyumbani hudhani kwamba ukishapata kazi ya chuo Ujerumani umeondokana na shida hizo. Ukweli ni kwamba tangu mwaka 2007 kuna sheria inayoruhusu vyuo kumwajiri msomi kwa mikataba ya muda kwa miaka 6 kabla ya shahada ya uzamivu na kwa kawaida miaka 6 mingine baada yake. Muda huo ukiisha, kama hujapata uprofesa au mojawapo ya nafasi chache za kudumu, unafungasha, hata kama kazi yako haina dosari. Mwaka 2021 video ya katuni ya wizara ya elimu na utafiti ilizua hasira kubwa kwa kudai, kupitia mtafiti wa kubuniwa aitwaye Hanna, kwamba mzunguko huo wa mikataba una manufaa kwa kuwa unazuia kizazi kimoja kuziba nafasi za kingine. Wasomi wengi sana wakajibu mtandaoni kwamba wao ndio Hanna. Wako pia wenye cheo cha Privatdozent, watu waliokwisha kuandika kazi kubwa ya pili baada ya uzamivu, ambao hulazimika kuendelea kufundisha ili wasinyang'anywe cheo hicho, mara nyingi bila malipo. Nilipomsimulia binamu yangu wa Kayole habari hiyo alicheka mpaka akatoa machozi, akaniuliza kama Wajerumani walikuja kujifunza kwetu. Lakini nisiwe mwongo: mkataba wangu ukiwa hai, mshahara huingia benki kila mwezi, na sijapata kumpigia mtu simu kuuulizia. Nina semina chache kwa muhula, kitabu nikitakacho hupatikana, na siku nzima inaweza kupita bila kikao hata kimoja.

Tatizo liko kwingine. Tasnifu yangu ilihusu ahadi, yaani kwa nini neno nililolitoa jana linifunge leo, na mwandishi niliyemchambua zaidi alikuwa David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti. Nafasi niliyopewa Ujerumani, hata hivyo, ilitangazwa kuwa ya falsafa ya Afrika, na tangu hapo kila nifanyalo husomwa kwa jina hilo. Nikipendekeza semina ya Hume, mwenzangu mmoja huniuliza kwa upole kama singependa kumlinganisha na mawazo ya Kiafrika. Hana nia mbaya, na pengine ananitakia wanafunzi wengi, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuulizwa kama angependa kumlinganisha Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, na mila za kijiji cha babu yake.

Nieleze tukio moja kwa urefu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Tulikuwa na mkutano wa matanga Umoja, katika ukumbi mdogo wa kanisa, kupanga mazishi ya ami yangu. Marehemu alikuwa ameahidiwa na ndugu zake kwamba angezikwa nyumbani kwa heshima fulani ambazo zingegharimu fedha nyingi, na ikapendekezwa tuuze kipande cha shamba la ukoo. Mimi, kama msomi wa familia, nilisimama nikasema kwamba ahadi humfunga mtu kwa mtu mwingine, kwamba ami hayupo tena na kwa hiyo hakuna wa kudhulumiwa tukipunguza gharama, na kwamba shamba lihifadhiwe kwa ajili ya wajukuu watakaozaliwa. Nilidhani nimemaliza. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika daftari la michango akavua miwani, akasema: "Mwanangu, umetuambia tusimhesabu huyu kwa kuwa hayupo. Hao wajukuu unaowatetea nao hawapo. Nieleze kwa nini asiyekuwapo wa kesho amshinde asiyekuwapo wa jana, na huyu wa jana ndiye tuliyempa neno letu." Akina mama waliokuwa nyuma wakaguna, nami nikakaa. Usiku ule sikulala vizuri, si kwa msiba peke yake.

Hoja ile ni nzito. Kuna namna za kuijibu, kwa mfano kusema kwamba watakaozaliwa watakuja kuumia kwa yale tuyafanyayo leo ilhali marehemu hawezi kuumia tena, lakini kila jibu linadai maelezo kuhusu maana ya kumdhuru mtu, na maelezo hayo hayapatikani kwa haraka. Niliporudi Ujerumani niliiwasilisha kwenye semina ya idara kama alivyoitoa mzee. Walinisikiliza kwa makini, wakagonga meza kwa vifundo vya vidole kama ilivyo desturi yao ya kupongeza, na swali la kwanza likawa: hii ni imani ya jamii gani kuhusu mizimu ya wahenga? La pili likataka kujua kama wakati katika Afrika ni wa mzunguko. Mzee yule ni fundi wa magari aliyestaafu, alifanya kazi Eneo la Viwanda, ni Mwanglikana wa kwenda kanisani kila Jumapili, na hakutaja mzimu hata mmoja. Alitoa hoja, na hoja ilistahili kukubaliwa au kuvunjwa. Semina ile haikufanya lolote kati ya hayo mawili. Iliipokea kama taarifa kuhusu watu wa mbali, na mimi nikawa mjumbe aliyeileta, na mjumbe huulizwa maswali ya ufafanuzi. Hakuna anayebishana naye.

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya, aliuona mtego huu mapema kuliko wengi. Alizaliwa Nyanza mwaka 1944, akaenda Uppsala, Uswidi, kusomea sayansi, akageukia falsafa chini ya Ingemar Hedenius, akapitia pia Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit, na mwaka 1970 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako falsafa na masomo ya dini yalikuwa idara moja. Falsafa ilipopata idara yake mwaka 1980, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na wale waliochukua mila na methali za kabila zima wakaziita falsafa, kana kwamba Mwafrika hufikiri kwa pamoja na hakuna mmoja anayeweza kusimama akasema wenzake wamekosea. Kuanzia mwaka 1974 aliwaendea wazee vijijini akawahoji kwa majina yao, akitenganisha mhenga anayeijua mila na kuisimulia na yule anayeijua kisha akaipima kwa akili yake mwenyewe. Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kijaluo, alijadiliana naye kuhusu Mungu na kutetea kwamba Mungu ni mmoja kwa watu wote kwa kuangalia jinsi maumbile yanavyofuata utaratibu mmoja kila mahali. Unaweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa, lakini ni ya Mbuya, si ya Wajaluo wote.

Watu wa ughaibuni wakimtaja Oruka humtaja kwa wahenga tu, jambo linalonikera, kwa sababu mawanda ya kazi yake yalikuwa mapana kuliko hayo. Aliandika juu ya adhabu na kuhoji uhalali wake, akaandika juu ya uhuru, juu ya mazingira, na akatetea kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha maisha, hivyo misaada ya matajiri kwa maskini isihesabiwe kuwa hisani. Mwaka 1991 alisimamia kongamano la dunia la falsafa lililofanyika Nairobi. Siamini kwamba angepata uwanja huo kama angebaki Uppsala. Naamini angepewa kiti cha mambo ya Afrika na kuombwa asitoke hapo.

Msomaji mwenye kumbukumbu atanipinga hapa. Mwaka 1987, katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, Oruka alitoa ushahidi mahakamani Nairobi kwa upande wa ukoo wa Umira Kager, dhidi ya mjane Wambui Otieno, kuhusu mila za Wajaluo. Yule aliyekataa kabila lisemewe kwa sauti moja alisimama kulisemea. Sioni namna ya kulipamba jambo hilo, na kwa maoni yangu ndilo doa gumu zaidi katika maisha yake ya kazi, hasa kwa kuwa mahakama iliamua ukoo uuchukue mwili na Otieno akazikwa Nyalgunga kinyume na matakwa ya mkewe. Lakini tazama alikosimama: mbele yake alikuwa wakili wa mjane, John Khaminwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuupangua ushahidi wa ukoo, na nje ya mahakama nchi nzima ilikuwa ikibishana kuhusu kila neno. Mwanafalsafa aliyekosea Nairobi mwaka ule hakukosa wa kumwambia. Mimi naweza kukosea kuhusu watu wangu kwa muhula mzima huku nikigongewa meza.

Haina maana kwamba kila aliyeondoka amepotea. D. A. Masolo, aliyefundisha Nairobi kabla ya kuhamia Louisville, Kentucky, ameandika kuhusu falsafa ya Afrika kwa ukali ambao haumwachi mtu salama, Oruka akiwamo, na ameufanya akiwa Marekani. Ila nadhani alikwenda na ubishi wake tayari umekomaa. Anayeondoka na miaka ishirini na mitatu, akaandikia shahada zote mbili huko, ana hatari ya kuzoea kusikilizwa kwa adabu na kudhani kwamba adabu hiyo ni kukubaliwa.

Kwa hiyo ninapowajibu wanafunzi huongeza mambo mawili. Kwanza, mada ya tasnifu iwe ile inayowanyima usingizi, hata ikiwa ni mantiki au falsafa ya hisabati, na msimamizi akiwasukuma kuelekea mila za nyumbani kwa sababu tu ya pasipoti yao, wamwombe atoe sababu nyingine. Pili, kila likizo watakayorudi, sura waliyoiandika waisome mbele ya wanafunzi wenzao wa Nairobi kabla ya kuipeleka kwenye jarida. Mimi hufanya hivyo. Mara ya mwisho msichana wa mwaka wa pili aliinua mkono kabla sijamaliza ukurasa wa tatu, akasema, "Daktari, samahani, lakini hiyo hatua ya pili haitokani na ya kwanza," na kweli haikutokana.

Kwa upande wa vyuo vyetu sina ombi la ajabu. Mhadhiri wa muda alipwe muhula uleule aliofundisha. Wasomi walioko nje watumiwe kusimamia na kutahini tasnifu kwa njia ya video, kazi ambayo wengi wetu tungeifanya kwa malipo kidogo, mradi malipo hayo yawe na tarehe. Oruka alifariki Desemba 1995, akiwa na miaka 51, baada ya kugongwa na gari akivuka barabara jijini Nairobi, na idara aliyoiongoza sasa imeunganishwa tena na masomo ya dini. Kuitenganisha upya kutahitaji fedha na watu, na watu tupo.

Mkataba wangu wa sasa una mwisho unaojulikana. Nafasi ikitangazwa Nairobi nitaomba, na kwenye barua ya maombi nitaandika kwamba ningependa nianze na mantiki ya mwaka wa kwanza.