Bwawa limejaa, sawa. Kinyerezi msiiguse

Kila mvua ikikolea bonde la Rufiji, wachumi wa mitandaoni wanaamka: tuna Bwawa la Nyerere, MW 2,115, mitambo ya umeme wa gesi kama ya Kinyerezi, Dar, ya nini tena? Izimwe, tuokoe hela. Mkataba wa Songas, kampuni iliyokuwa ikiiuzia Tanesco umeme wa gesi, ulipoisha Oktoba 2024, kuna walioshangilia kabisa.

Haya, tupige hesabu. Mashine moja ya Bwawa ni MW 235. Mwishoni mwa 2024 mahitaji ya juu ya gridi yalikuwa yanakaribia MW 1,900. Mashine hiyo moja ikitoka ghafla, asilimia 12 hivi ya umeme wa nchi imeondoka nayo. Frikwensi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, inayotakiwa kukaa 50, inaanza kuporomoka papo hapo, na kama hakuna mtambo unaozunguka ukiwa na nafasi ya kuongeza, relei, vifaa vya kulinda gridi, zinaanza kukata fida, yaani laini za mitaani, moja baada ya nyingine. Mnaita "umeme umekatika bila taarifa". Taarifa angeitoa nani ndani ya sekunde mbili?

Mtasema mashine nyingine nane za maji zipo. Zipo, ila maji yana tabia yake. Gavana, kidhibiti kasi cha mashine, ikifungua lango la maji kwa pupa, presha kwenye bomba inashuka kabla maji hayajashika kasi, kwa hiyo mwanzoni nguvu inapungua badala ya kupanda. Ndiyo maana lango hufunguliwa kwa kipimo. Mtambo wa gesi unaozalisha asilimia 70 au 80 ya uwezo wake hauna shida hiyo: valvu inafunguka, moto unaongezeka, nguvu inapanda. Tena uko Dar penyewe, kwenye watumiaji wengi. Umeme wa Bwawa lazima kwanza usafiri kwenye laini ya kV 400 hadi Chalinze. Hitilafu ikitokea njia hiyo, bwawa lililofurika halikusaidii kitu Mbagala.

Na ukame? Aliyesahau mgawo wa 2022 ana jenereta nyumbani.

Gesi ni ghali kuliko maji, nakubali. Hakuna aliyesema iwashwe yote usiku na mchana. Lakini mitambo hailingani. Kinyerezi I ina turbini za gesi aina ya LM6000, injini za ukoo wa ndege. Hizo unaziwasha jioni na kuzizima usiku bila kuziumiza sana. Kinyerezi II hutumia moshi wa moto wa turbini za gesi kuchemsha maji ya kuzungusha turbini za mvuke. Ukiiwasha ikiwa baridi, vyuma vinene vya boila na turbini lazima vipashwe polepole kwa saa kadhaa, la sivyo vinapata nyufa. Kuizima asubuhi na kuiwasha jioni kila siku ni kula uhai wake kwa jina la kubana matumizi.

Mtambo uliolala nao unagharimu. Kwa unyevu na chumvi ya pwani yetu, kompresa, sehemu ya turbini inayoshindilia hewa, ikiachwa wazi inaota kutu kwenye mapanga. Inahitaji hewa kavu ndani, shafti izungushwe isije ikapinda, filta zibadilishwe, betri za kuwashia zipimwe, na mtambo uwashwe mara kwa mara hadi uzalishe umeme kweli kwenye gridi, siyo kuungurumishwa dakika tano kwa ajili ya ripoti. Vipuri vya sehemu za moto haviuzwi Kariakoo. Vinaagizwa miezi mingi kabla. Hela ya hivyo ndiyo hukatwa ya kwanza kila bwawa likijaa.