Maandazi ya mtoto anayesomea nyumbani: faida iko wapi?

Nchini Kenya, familia zinazosomesha watoto nyumbani zina kitu ambacho shule haina: mchana ulio wazi. Mtoto anayefuata vijitabu vya ACE (mtaala wa Kikristo wa kujisomea), au anayejiandaa kwa mitihani ya Cambridge ya Uingereza, mara nyingi huwa amemaliza masomo kabla ya chakula cha mchana. Hapo ndipo wazazi wengi huingiza biashara: maandazi, sabuni ya maji, mayai ya kienyeji.

Wanaoipenda njia hii husema mtoto atajua pesa inavyotafutwa. Huenda, lakini biashara nyingi za watoto hazifundishi hivyo, kwa sababu unga ni wa mama.

Tuchukue maandazi, kwa bei za kukadiria. Unga kilo moja shilingi 90, sukari gramu 100 shilingi 15, mafuta yanayonywewa na maandazi shilingi 45, hamira 10, iliki 10, gesi 30. Jumla 200. Ukikanda kwa maji nusu lita, donge linakuwa na uzito wa takribani kilo 1.6, na ukilikata vipande vya gramu 64 unapata maandazi 25. Yakiuzwa kwa shilingi 10 ni 250. Faida ni 50, yaani maandazi matano tu. Mdogo wake akila mawili, jirani akaonjeshwa moja na mawili yakalala, faida imekwisha. Mtoto ambaye hakununua unga hataliona hilo. Yeye anahesabu noti tu na kujiona tajiri.

Kisu nacho kina lake. Akikata kwa jicho, vipande vikafika gramu 80, maandazi yatakuwa 20 na mauzo 200. Amesimama jikoni bure. Mafuta yasipopata moto wa kutosha, maandazi yanakaa sana kwenye karai na kuyanywa, kisha ile 45 inapanda. Kwa hiyo vifaa vya somo ni mizani ya jikoni na daftari la safu nne: tarehe, kilichotoka, kilichoingia, kilichobaki. Mtaji wa 200 uwe mkopo, urudishwe kabla ya kununua kitu kingine. Wateja wakilipa kwa simu ya mzazi, mauzo yahamishwe jioni ileile yawe pesa taslimu kwenye kopo la mtoto, la sivyo yatamezwa na mboga na tokeni za umeme.

Udhaifu mkubwa wa nyumbani, kwa maoni yetu, ni wateja. Shangazi na mama wa kanisani hununua kwa mapenzi. Mpeleke mtoto kwa mwenye kibanda, ambaye atataka kwa shilingi 8 ili auze 10. Nane ndiyo gharama hasa ya andazi moja (200 kwa 25). Hapo mtoto atakuja na wazo la kupunguza uzito hadi gramu 50, yatoke 32, kila moja limgharimu 6.25. Kimahesabu inakaa, ila mnunuzi wa kibanda naye ana macho. (Akianza kupeleka kila asubuhi, hiyo tayari ni biashara ya chakula, na kaunti itadai leseni na cheti cha afya.)

Wanaopinga wana hoja mbili. Kwamba mtoto ataonja pesa achukie vitabu ni hoja nyepesi. IGCSE yenyewe, mtihani wa Cambridge wa sekondari, ina masomo ya Biashara na Uhasibu, na daftari lile ni mazoezi yake. Ya pili, kwamba mtoto atageuzwa kibarua, ni nzito. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na kati ya 13 na 16 inaruhusu kazi nyepesi tu isiyodhuru afya wala mahudhurio yake shuleni. Mtoto wa shule akikosa darasa, rejista inasema. Huyu wa nyumbani hana rejista. Mwalimu wake ndiye huyohuyo mwenye duka. Akiwekwa kaunta ya mzazi kutwa nzima na kuambiwa ni somo la ujasiriamali, nani atabisha?

Kipimo ni kurasa. Kijitabu kilichokuwa kinamalizwa kwa wiki tatu kikifika ya tano, biashara isimame kwanza. Siku mbili kwa wiki, saa mbili kila siku, zinatosha kukaanga kilo moja na kufunga hesabu. Oda zikizidi hapo, apandishe bei au aseme yameisha.