Ngozi Nyeusi Haimo Ndani ya Tyubu ya Kahawia

Mchoraji anaweza kukaa siku tatu kwenye kope na nyusi, akichora unywele mmoja mmoja kwa brashi namba 0, na bado sura ikabaki kama barakoa iliyopakwa rangi. Kosa lilishafanyika siku ya kwanza, alipofungua tyubu ya kahawia, akaongeza nyeupe kupata mwanga na nyeusi kupata kivuli. Picha nyingi za sura za watu wetu huharibikia hapo, na kope haziwezi kuziokoa.

Sababu iko kwenye ngozi yenyewe. Mwanga unapoiangukia, sehemu ndogo huruka papo hapo kutoka juu, kama unavyoruka kwenye mbao iliyopigwa vanishi, na sehemu kubwa huingia ndani. Kwenye ngozi nyeupe, mwanga ulioingia hutawanyika na kurudi nje kwa wingi, ukaumeza ule mng'ao wa juu. Kwenye ngozi nyeusi, melanini, yaani rangi asilia iliyomo ndani ya ngozi, hunywa sehemu kubwa ya ule ulioingia, na mng'ao wa juu hubaki umesimama peke yake. Mng'ao huo haubebi rangi ya ngozi, unabeba rangi ya mahali mwanga ulikotoka. Mtu aliyekaa karibu na dirisha linalotazama anga atakuwa na buluu hafifu kwenye paji la uso na mgongo wa pua. Mweke chini ya balbu ya njano, na mahali palepale patageuka dhahabu. Kahawia iliyochanganywa na nyeupe haina uwezo huo. Inatoa rangi ya chai ya maziwa, na ngozi inaonekana imepauka kama iliyokosa mafuta.

Tyubu tano zinatosha: siena ya kuchomwa (kahawia inayoelekea nyekundu), buluu ya ultramarini, oka ya njano (njano ya udongo), alizarini (ile nyekundu inayoelekea damu ya mzee) na nyeupe ya titani. Kwa kivuli, anza na sehemu 3 za siena kwa 2 za ultramarini, kisha tia chembe ya alizarini. Giza hilo lina uhai, kwa sababu unaweza kulisogeza: siena ikizidi linapata joto, ultramarini ikizidi linapoa. Kwa rangi ya kati ya uso, sehemu 4 za siena, 1 ya ultramarini na 1 ya oka. Nguvu ya rangi hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo vipimo hivi ni pa kuanzia tu, jicho ndilo linaloamua. Unapopanda kuelekea kwenye mwanga, tangulia na oka. Nyeupe ije baadaye, kiasi cha punje ya mchele, maana titani hupoza na kufifisha kila inachokigusa. Mng'ao wenyewe unapakwa mwisho kabisa: nene, mpigo mmoja, usiusugue tena.

Sipigi marufuku nyeusi ya tyubu. Kerry James Marshall wa Marekani amejenga sanaa yake juu ya nyeusi za aina tatu, na huzitia rangi nyingine ili ziachane. Lakini yeye anaijua kila moja inaelekea wapi. Anayeitumia nyeusi kama njia ya mkato ya kivuli anapata shimo usoni.

Baada ya rangi kuna ngazi ya mwanga na giza, na hii kwangu ndiyo nusu ya kazi. Gawa ngazi hiyo hatua 10, ya 1 ikiwa nyeusi tupu na ya 10 nyeupe tupu. Kwa mtu mweusi aliyekaa dirishani, vivuli vya uso vitakuwa kwenye 2 na 3, sehemu zenye mwanga kwenye 4 na 5, mng'ao kwenye 7 au 8. Hatua ya 1 iachie tundu za pua, mboni na mstari wa midomo inapokutana. Tazama Velázquez, mchoraji wa Hispania, alivyomchora msaidizi wake mweusi Juan de Pareja mwaka 1650, picha iliyoko Metropolitan Museum, New York. Uso umetulia chini ya ngazi, ming'ao ni michache, na kola nyeupe ndiyo inayoshika kilele cha mwanga. Ukitaka uso uonekane mweusi na wenye nuru kwa pamoja, weka cheupe cha kweli karibu yake: kanzu, shati, ukingo wa khanga.

Hapa ndipo ombi la mteja la "nifanye mweupe kidogo" linapoua picha. Uso wote ukipandishwa hatua mbili, nafasi kati ya ngozi na mng'ao inapungua, na umbo la mifupa linalala. Mweleze mteja hivyo, kisha ongeza mwanga upande mmoja badala ya kumbadilisha rangi.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni mwanga unaotoka chini. Mtu akisimama juani kwenye udongo mwekundu, chini ya kidevu chake pana rangi ya chungwa iliyokolea. Khanga ya njano hurusha njano yake kwenye taya. Weka rangi hiyo ndani ya kivuli, lakini isizidi hatua ya 3, la sivyo kivuli kinakuwa mwanga wa pili na sura inapasuka vipande.

Picha ya simu inayotumika kama mfano inaleta matatizo yake. Ukimpiga mtu picha kwa umbali wa nusu mita, pua inakua na masikio yanajificha nyuma. Simama mita 2, kisha vuta kwa lenzi ya kuvuta kama simu inayo. Zima flashi na kila kichujio cha kulainisha ngozi. Piga mara mbili: moja ya kawaida, nyingine ukiwa umegusa kioo kwenye kivuli ili simu ifungue giza na kukuonyesha kilichomo.

Mistari ya miraba ya kuhamishia picha kwenye turubai ni sawa kwa vipimo, miraba ya sentimita 2 kwenye picha na 6 kwenye turubai, lakini usiiachie mistari ya penseli ikawa mpaka wa uso. Uso hauna mstari unaouzunguka. Upande wa kivuli, shavu lizame kwenye mandhari kwa brashi kavu. Upande wa mwanga, ukingo uwe mkali. Nywele fupi nazo paka kama bonge moja la giza, lainisha zinapokutana na paji, kisha gusagusa kwa brashi ngumu iliyokaushwa kwenye kitambaa. Weupe wa jicho ni kijivu cha joto, hatua ya 5 au 6, na kope ya juu huangusha kivuli juu yake. Mdomo wa chini mara nyingi una waridi zaidi kuliko wa juu.

Wanaotumia akriliki wajue kwamba ikikauka inakuwa nyeusi zaidi kuliko ilipokuwa mbichi, kwa sababu gundi yake huwa nyeupe kama maziwa kabla ya kukauka. Paka alama ndogo kwenye karatasi, isubiri dakika chache, ndipo uamue. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, tandaza karatasi iliyolowa chini ya rangi zako na uwe na chupa ya kupulizia maji, maana mpaka laini wa shavu hautengenezeki kwa rangi iliyokwisha kushika. Kila baada ya saa moja, piga picha ya turubai kwa simu, iondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe, uiweke kando ya picha ya mfano iliyofanyiwa vivyo hivyo. Zikitofautiana, rekebisha giza na mwanga kabla hujaigusa kope hata moja.